Kushoto, katikati au kulia? Ulinganisho wa njia za kuyakalisha maandishi ndani ya seli za lahajedwali

Mtu anapofungua lahajedwali jipya, akaandika jina katika seli moja na kiasi cha fedha katika seli ya jirani, programu huwa imekwisha kumfanyia uamuzi kabla hajagusa kitufe chochote: jina huegemea kushoto na namba huegemea kulia. Ndivyo zinavyofanya Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Tarehe nazo huenda kulia, kwa sababu ndani ya programu tarehe ni hesabu ya siku iliyovishwa sura ya siku, mwezi na mwaka. Katika Excel, majibu ya TRUE na FALSE pamoja na alama za makosa kama #N/A hukaa katikati. Mwegemeo huu wa awali ni taarifa, kwani unamwambia msomaji programu imekielewaje kile alichoandika, na kila njia ninayoilinganisha hapa nimeipima kwa swali moja: je, inaibakiza taarifa hiyo, na je, inaiacha data katika hali ya kuweza kupangwa, kuchujwa na kujumlishwa?

Pande tatu za mlalo

Niliwahi kuombwa kukagua daftari la michango la kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, ambalo jumla yake ilipungua shilingi 150,000 kila ilipolinganishwa na stakabadhi. Fomula ya kujumlisha ilikuwa sahihi na haikuacha seli hata moja. Kasoro ilikuwa katika michango mitatu ya shilingi 50,000 iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu pamoja na nafasi ya aina ya pekee isiyoonekana kwa macho; kwa sababu ya nafasi hiyo programu iliihesabu michango ile kuwa maandishi, na SUM, fomula yenyewe ya kujumlisha, huyaruka maandishi bila kulalamika. Lau safu ile ingeachiwa mwegemeo wake wa awali, michango hiyo mitatu ingesimama kushoto huku mingine yote ikiwa kulia, na hata mtoto angeiona. Lakini mweka hazina, kwa nia njema ya kulipendezesha daftari, alikuwa ameiweka safu nzima katikati.

Kwa hiyo, kwa safu za fedha, idadi na vipimo, sioni sababu ya kuchagua kitu kingine zaidi ya kulia. Zaidi ya kufichua namba iliyogeuka maandishi, maadamu ni ule wa awali usiolazimishwa kwa kitufe, mwegemeo wa kulia hupanga mamoja chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, hata jicho linaposhuka kutoka 950,000 hadi 1,250,000 linaona mara moja kwamba ya pili ni kubwa kwa sababu imejitokeza zaidi kushoto. Ukiziweka katikati, ukubwa huo unapotea, na msomaji analazimika kuhesabu tarakimu. Sharti lake ni kwamba namba zote za safu ziwe na idadi sawa ya tarakimu baada ya nukta, 7.5 iliyokaa chini ya 7.25 huvuruga nukta hata kama zote zimeegemea kulia. Dawa ni kuweka tarakimu mbili kwa zote, au, kwa anayetumia Excel na asiyetaka sifuri za ziada, kuandika umbizo maalumu (yaani kanuni ya jinsi namba inavyoonyeshwa) la 0.0? ambamo alama ya kuuliza huacha nafasi tupu mahali pa tarakimu isiyokuwepo.

Hapa kuna jambo moja linalowasumbua wengi. Seli iliyopewa umbizo la kihasibu katika Excel, lile linaloisukuma alama ya sarafu hadi ukingo wa kushoto na kuziacha tarakimu kulia, haitii vitufe vya kushoto wala katikati. Mtumiaji anabofya, anabofya tena, hakuna kinachosogea. Kompyuta haina kasoro. Umbizo lenyewe huijaza seli nzima kwa nafasi, basi hakubaki mahali pa kusogea. Anayetaka uhuru wa kusogeza achague umbizo la kawaida la sarafu au la namba.

Majina, anwani, maelezo na aina zote za maneno hufaa kushoto, kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kilatini husomwa kuanzia huko na jicho linataka mahali pamoja pa kurudi. Namba za simu na za vitambulisho huingia kundi hili pia, ingawa zimeandikwa kwa tarakimu, kwa maana hakuna anayezijumlisha. Ukiandika namba ya simu inayoanza na 07 katika seli ya kawaida, sifuri ya mwanzo hufutika na kilichobaki hukimbilia kulia. Ukiipa seli umbizo la maandishi kabla ya kuandika, au ukitanguliza alama ya ritifaa ('), sifuri hubaki na namba hukaa kushoto. Ritifaa hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika Lotus 1-2-3, programu iliyotoka mwaka 1983, ritifaa mbele ya neno ilimaanisha kushoto, alama ya kunukuu ilimaanisha kulia, na alama ya ^ ilimaanisha katikati. Vitufe vilipokuja, alama hizo zilistaafu, isipokuwa ritifaa ambayo bado iko kazini.

Katikati naiachia vitu vifupi vyenye urefu unaolingana: alama za A hadi F katika matokeo ya mtihani, ME na KE katika safu ya jinsi, au tiki ya mahudhurio. Vichwa vya safu vifuate kilicho chini yake. Kichwa kilichokaa katikati juu ya safu pana ya fedha huonekana kana kwamba kinaelea, hakina mwenyewe.

Juu, kati au chini

Suala la wima ni jepesi. Chaguo la awali ni chini, nalo halidhuru kitu chochote maadamu kila mstari wa jedwali una kimo cha kawaida. Tatizo huanza pale seli moja inapokuwa na maelezo marefu yaliyoshuka mara nne au tano, kwa mfano safu ya maoni ya mwalimu, kwa sababu jina la mwanafunzi huzama chini na maoni yake huanzia juu, na msomaji hushindwa kujua yanamhusu nani. Katika hali hiyo chagua mstari wote, uupeleke juu. Kati huupendeza mstari wa vichwa na fomu za kuchapisha, na hapo inatosha.

Maandishi yasiyotosha ndani ya seli

Njia ni nne, na tofauti zake zina uzito. Ya kwanza ni kuyaacha yamwagike juu ya seli ya jirani. Hii hufanya kazi pale tu jirani anapokuwa mtupu. Akijazwa, hata kwa nafasi moja ya kibodi, maandishi hukatwa machoni ingawa ndani ya seli yamebaki kamili. Namba hazimwagiki kabisa: ikizidi upana, Excel huonyesha #### mpaka safu ipanuliwe, na ni vyema hivyo, kwa sababu kiasi cha fedha kilichokatika nusu kingekuwa uongo.

Ya pili ni kuyakunja, kwa kitufe kinachoitwa "Wrap Text" katika Excel, ambapo maandishi hushuka chini na kimo cha mstari huongezeka chenyewe. Naipendelea hii kwa safu yoyote ya maelezo, kwa masharti mawili. La kwanza, usiwe umekivuta kimo cha mstari kwa mkono, kwa sababu baada ya hapo mstari hautajirefusha tena hadi uuagize kufanya hivyo. Na hata ukijirefusha, ukomo wa Excel ni pointi 409, takriban sentimita 14, na yanayozidi hapo hayaonekani. La pili linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli, na Excel haina kistari cha kukatia neno mwishoni. Neno kama "yatakayowasilishwa" likiwa pana kuliko safu, litakatwa popote pale, pengine baada ya herufi ambayo hakuna mwandishi wa Kiswahili angekatia. Pima upana wa safu kwa neno refu kuliko yote yaliyomo, kisha ndipo ukunje.

Wapo wanaoshusha maandishi kwa mkono, kwa Alt na Enter katika Excel au Ctrl na Enter katika Calc, na kwenye skrini matokeo yanafanana na kukunja. Yaliyo ndani hayafanani hata kidogo. Kukunja ni sura tu, ilhali kushusha kwa mkono kunaingiza herufi halisi isiyoonekana ndani ya data, na kuanzia siku hiyo "Uraia na Maadili" yenye mshuko hailingani tena na "Uraia na Maadili" isiyo nao: fomula ya kutafutia ya VLOOKUP haitaipata, na jedwali la muhtasari litazihesabu kuwa masomo mawili. Tumia mshuko wa mkono katika anwani ya barua au kichwa cha fomu, kamwe si katika safu inayotafutwa au kuchujwa.

Ya tatu ni kuyapunguza maandishi hadi yatoshe. Excel na Calc zina chaguo hili, Google Sheets haina. Tabia yake ni ya ujanja: kisanduku cha ukubwa wa fonti huendelea kusema 11 ilhali herufi zimesinyaa hadi kuwa kama chawa, na kila seli ina ukubwa wake kulingana na wingi wa maneno. Katika Excel pia halitumiki pamoja na kukunja. Ukiweka kukunja, chaguo la kupunguza hufifia. Mimi hulikubali kwa safu moja tu, ile ya namba za stakabadhi ambapo moja kati ya mia imezidi kwa tarakimu moja.

Ya nne ni kuyakata. Google Sheets ina chaguo lake maalumu kando ya kumwagika na kukunja, nalo lafaa sana kwa safu ya viungo virefu vya intaneti. Excel haina kitufe cha namna hiyo. Mafundi hutumia mwegemeo wa "Fill", ambao kazi yake halisi ni kurudia kilichoandikwa hadi seli ijae, lakini ukikutana na maandishi marefu huyazuia yasimwagike. Angalia tu kwamba seli iliyoandikwa "Ali" katika safu pana itakuonyesha AliAliAli.

Kusogeza ndani: nafasi za kibodi au kitufe

Anayetaka kuonyesha kwamba wilaya ya Kilosa iko chini ya mkoa wa Morogoro hubonyeza kitufe cha nafasi mara tatu kabla ya kuandika. Kwa macho, kazi imekamilika. Kwa programu, neno hilo sasa si "Kilosa" tena. Hupangwa mbele ya maneno yote yanayoanza na herufi, na fomula inayomtafuta Kilosa hurudi mikono mitupu. Kitufe cha kusogeza ndani, kilicho karibu na vitufe vya mwegemeo katika Excel na Calc, hutoa sura ileile bila kuligusa neno. Google Sheets haina kitufe hicho, na badala yake huandikwa umbizo maalumu lenye nafasi kadhaa ndani ya alama za kunukuu zikifuatiwa na @, ambayo ni kazi ya ziada lakini huiacha data safi. Aliyekwisha kuzitumia nafasi za kibodi katika safu nzima anaweza kuziondoa kwa fomula ya TRIM katika safu ya pembeni, kisha akanakili majibu kama thamani.

Kuunganisha seli au kuweka katikati ya seli kadhaa

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mzito, na ndipo nilipo na msimamo mkali kuliko kwingine. Karibu kila jedwali nililopokea kutoka ofisini au shuleni lina kichwa kilichopatikana kwa kubofya "Merge & Center", na karibu kila mara kilihitajika kitu kingine.

Kuunganisha hubadili muundo wa jedwali lenyewe. Seli kadhaa huwa moja, na katika Excel kinachobaki ni kile kilichokuwa katika seli ya juu kushoto. Vingine vyote hufutwa baada ya onyo ambalo watu hulibofya bila kulisoma. Calc ni muungwana zaidi, kwani huuliza kama vilivyomo vihamishiwe seli ya kwanza, vifichwe au vifutwe, ingawa kufichwa nako kuna hatari yake: namba iliyofichwa huendelea kuhesabiwa. Baada ya kuunganisha, Excel hukataa kupanga data ikidai kwamba seli zote zilizounganishwa ziwe na ukubwa sawa, Google Sheets hukataa kupanga eneo lenye seli zilizounganishwa kiwima, na kimo cha mstari hakijirekebishi tena kufuata maandishi yaliyokunjwa ndani ya seli hiyo.

Kuunganisha kiwima ndiko kunakouma zaidi. Chukua orodha ambayo "Morogoro" imeandikwa mara moja katika seli iliyounganishwa mbele ya Gairo, Kilosa, Mvomero na Ulanga. Machoni pa msomaji wilaya zote nne ni za Morogoro. Machoni pa programu ni Gairo peke yake, kwa sababu jina la mkoa limo katika seli ya kwanza tu na tatu zilizofuata ni tupu. Ukichuja kwa Morogoro, Kilosa haipo. Andika mkoa katika kila mstari. Ikiwa kurudiarudia kunakukera, weka umbizo la masharti linalozifanya herufi kuwa nyeupe pale seli inapolingana na iliyo juu yake, kwa fomula kama =A3=A2, na jedwali litaonekana kana kwamba limeunganishwa ilhali kila mstari una jina lake.

Kwa kichwa cha mlalo, Excel ina mbadala ulio bora na uliofichika. Chagua, tuseme, A1 hadi G1, bonyeza Ctrl na 1, nenda kwenye ukurasa wa mwegemeo, na katika orodha ya mlalo chagua "Center Across Selection". Kichwa hukaa katikati ya seli saba, kila seli ikibaki yenyewe, na safu yoyote huweza kuchaguliwa, kuhamishwa au kupangwa bila kizuizi. Kasoro zake ni mbili: hakuna chaguo kama hilo kwa wima, na anayetaka kurekebisha kichwa akibofya katikati hukuta seli tupu, kwa kuwa maneno yenyewe yanaishi katika A1. Google Sheets haina chaguo hili. Huko, mimi huandika kichwa katika A1, nikakiacha kushoto kimwagike, na sijawahi kuona taarifa iliyoharibika kwa sababu kichwa chake hakikuwa katikati.

Kuunganisha kuna mahali pake pa haki: fomu ya maombi, cheti, bango la ratiba, na kitu chochote ambacho kazi yake ni kuchapishwa na kujazwa kwa kalamu. Huko hakuna atakayepanga wala kuchuja.

Kuyageuza maandishi

Jedwali la matokeo la shule ya msingi huweza kuwa na majina ya masomo marefu, kama Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, juu ya safu ambazo ndani yake mna tarakimu mbili tu. Ukiyaacha yalale, ukurasa hautoshi. Kuyasimamisha kwa digrii 90, yakisomwa kutoka chini kwenda juu, huokoa nafasi kuliko njia nyingine na huchapishika vizuri. Digrii 45 husomeka kwa urahisi zaidi bila kupinda shingo, lakini katika Excel mipaka ya seli za kichwa nayo huinama, na kichwa cha mwisho hutokeza nje ya jedwali upande wa kulia, kiasi kwamba hukatwa na ukingo wa karatasi usipoacha safu moja tupu. Kupanga herufi moja juu ya nyingine kama ngazi siipendekezi kwa Kiswahili: "Hisabati" pekee ni ngazi ya vidato vinane, na jicho halisomi neno tena, linahesabu herufi.

Kwa wasomaji walioko Oman na Ghuba, wanaofanya kazi na majedwali yenye majina ya Kiarabu, kushoto na kulia hubadilishana nafasi. Usitumie mwegemeo wa kulia kama njia ya kuigiza mwelekeo wa Kiarabu. Excel ina mpangilio wa kuligeuza jedwali lote, safu A ikahamia kulia, pamoja na chaguo la mwelekeo wa usomaji kwa seli mojamoja.

Faili linapohama programu

Mwegemeo, mkunjo na usogezaji wa ndani hupotea vyote faili likihifadhiwa kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, kwa sababu humo huandikwa data peke yake. Mishuko ya mkono na nafasi za kibodi hubaki, kwani zenyewe ni data, na mara nyingi mshuko mmoja huwavuruga wapokeaji wa faili, maana programu nyingine huuona kama mwisho wa mstari.

Vidole navyo hubeba mazoea. Katika Calc, Ctrl pamoja na L, E au R hupeleka maandishi kushoto, katikati au kulia, kama walivyozoea waandishi wa Word. Google Sheets huongeza Shift kati ya Ctrl na herufi. Excel hutaka Alt, kisha H, kisha A, kisha L, C au R, zikibonyezwa moja baada ya nyingine. Aliyetoka Calc akabonyeza Ctrl na R ndani ya Excel au Google Sheets hapati mwegemeo wa kulia: seli yake hufutwa na kujazwa nakala ya seli iliyo kushoto kwake, kimyakimya, na katika safu ya alama za mtihani mwanafunzi hupewa alama za Hisabati katika Kiswahili. Ctrl na Z hurudisha, ikibonyezwa kabla faili halijafungwa.